Moto "Uliowekwa Nje": Kwa Nini Koleta Aitwe Mhujumu?

URAMBO — Saa tisa alasiri, jua la Machi bado linachoma, na Koleta Masolwa amekaa juu ya gunia akifunga majani mabichi ya tumbaku kwenye fito. Mikono yake imejaa utomvu mweusi unaonata. Fito ikijaa, mwanamke mwingine anaichukua na kuingia nayo ndani ya bani, ile nyumba ya matofali ambamo tumbaku hukaushwa kwa moto.

Koleta haingii. Amekatazwa. Anayechochea moto leo ni mtu aliyefundishwa kazi hiyo na Koleta mwenyewe.

"Shikamoo, mama," mwandishi anamwamkia.

"Marahaba. Kaa hapo, ila usiegemee hizo fito. Zikianguka watasema ni mimi."

Koleta ana umri wa miaka arobaini na sita. Ni mzaliwa wa Nzega, alikuja huku na marehemu mume wake kufuata tumbaku, na msimu huu ulikuwa wa tisa kwake kuchochea moto wa bani. Kijiji chake cha ujamaa hatukitaji kwa sababu shauri lake bado halijaamuliwa. Litaamuliwa Jumamosi hii, katika mkutano wa wanakijiji wote. Wakisema ni mhujumu, atafukuzwa kijijini, na nyumba na shamba lake atapewa mtu mwingine.

"Mhujumu!" anasema, akikunja mkono wa gauni. Kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo, ngozi yake imebabuka na kuacha wekundu. "Huu mkono uliungua nikivuta fito za watu zisiteketee. Mhujumu gani anaokoa anachokihujumu?"

Kisa chenyewe kilianza asubuhi moja mwezi uliopita. Mkaguzi wa mabani alifika kwa gari wakati Koleta amekwenda porini kuleta kuni. Alizunguka, akainama, akaona kwamba bomba linalopitisha joto chini ya sakafu ya bani limepasuka. Hilo ni jambo la hatari, kwa maana cheche zinaweza kuruka na kushika majani makavu yaliyoning'inia juu. Mtu mwenye akili timamu angeita watu, akapaza sauti, akamwaga maji mwenyewe. Mkaguzi alichukua chokaa, akaandika maneno machache kwenye kipande cha bati, akaliegemeza bati ukutani na kuondoka.

Bati hilo lipo mpaka leo, na mwandishi ameliona. Limeandikwa hivi, kwa herufi kubwa: FIRE TO BE PUT OUT.

Koleta anasoma Kiswahili, alichojifunza kukisoma katika darasa la watu wazima, na anasoma vizuri. Kiingereza hakijui. Aliporudi na kuni zake, akatafuta wa kumsomea, akasomewa kwamba moto uwekwe nje.

"Nikaona ni agizo la maana," anaeleza. "Tanuri letu mdomo wake uko nje ya bani. Siku zote tunasukuma magogo mpaka ndani kabisa. Nikajua mtaalamu amekuja na utaratibu mpya, hataki magogo yaende ndani. Nikayavuta yote mpaka mdomoni, nikachochea hapo hapo nje, kama nilivyoambiwa."

Lakini moto ulikuwa bado unawaka, cheche zikapenya kwenye ufa wa bomba, na kabla ya saa kumi alasiri bani lile, siyo hili linalotumika leo, lilikuwa linateketea. Tumbaku iliyokuwa ndani, ya kaya zaidi ya arobaini, ikaisha, ile waliyoilima kwa pamoja tangu mvua za kwanza.

Mwalimu Mwanahawa, mzaliwa wa Tabora mjini anayefundisha katika shule ya msingi ya kijiji jirani, ndiye aliyekuja kumweleza Koleta kilichompata. Alasiri hii amepita tena, na anamchorea mwandishi maneno hayo chini kwa kijiti.

"Put ni kuweka, out ni nje," anasema. "Ukiyachukua moja moja, aliyesoma alisoma sawa. Lakini Waingereza wakishayakutanisha maneno haya, kila moja linaacha maana yake. Kuweka nje kunageuka kuwa kuzima. Moto uzimwe. Ndivyo lilivyosema bati."

Anaongeza mifano ya kila siku. Mkutano ukiwa put off, umeahirishwa. Mgeni akiwa put up, amepewa mahali pa kulala. Ng'ombe mgonjwa akiwa put down, ameuawa asiendelee kuteseka.

Koleta anaacha kufunga majani. "Ngoja, mwalimu. Ng'ombe akiwekwa chini amekufa, na mgeni akiwekwa juu amelala?"

"Ndiyo, mama."

"Na mtu naye akiwekwa nje kama moto?"

Mwalimu anafikiri kidogo. "Mtu akiwa put out, amekerwa."

"Hapo Waingereza wamepata," anasema Koleta, na kuchukua fito nyingine.

Inachekesha, mpaka ukumbuke mkono wake. Mkaguzi huyu si mgeni aliyeshuka jana kutoka ng'ambo. Ni mtoto wa Kigwa, hapa hapa mkoani, amekulia kando ya reli, anaongea Kinyamwezi na mama yake na Kiswahili na ulimwengu mzima. Bendera ya nchi hii imepandishwa zaidi ya miaka kumi sasa. Hotuba ni za Kiswahili, redio ni ya Kiswahili, gari la mkaguzi limeandikwa ubavuni kwa Kiswahili kwamba ni mali ya umma. Ilipofika kwenye moto wa wakulima, ndipo akakumbuka Kiingereza. Ni dharau, na hakuna jina jingine la kuipa.

Mwandishi alipomuuliza sababu, alijibu kwa utulivu kwamba "lugha iliyotumika ni ya kitaalamu". Iliyotumika! Utadhani lugha iliamka yenyewe ikachukua chokaa.

Na hivyo ndivyo alivyosema katika mkutano wa kwanza, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, Mzee Tobias. "Maagizo yalitolewa. Hayakufuatwa. Mali ya umma ikateketezwa." Koleta alisimama akauliza, "Yalitolewa na nani? Akapewa nani?" Akaambiwa akae chini, atapewa nafasi yake. Hakupewa.

Kiswahili chetu kinaruhusu kusema jambo limetendwa, na kina neno dogo la "na" la kumtaja mtendaji. Bwana yule alilikwepa hilo neno mwanzo hadi mwisho, na mkutano ukamruhusu.

Lakini Koleta naye ana pahali anapolikwepa. Kila akisimulia, anasema "nilisomewa", na anaishia hapo hapo.

"Ulisomewa na nani, mama?" mwandishi anauliza.

"Nilisomewa, basi."

Anaambiwa kwamba jina hilo linaweza kumwokoa Jumamosi. Anakaza uzi kwa meno kabla ya kujibu.

"Aliyenisomea ana watoto wadogo, na kazi yake ndiyo kwanza kaipata. Bati hakuliandika yeye. Nikimtaja, watamkamata yeye kwa sababu yuko karibu, na mwenye gari atakwenda zake. Sitaki."

Mwanamume mmoja aliyekuwa akipanga kuni upande wa pili wa bani anasogea. Ni Ambrosi, karani wa kijiji. Amesikia yote.

"Andika, ndugu mwandishi," anasema. "Alisomewa na Ambrosi."

"Ambrosi, nenda nyumbani kwako."

"Siendi, mama. Nililisoma neno moja moja, nikaona aibu kukwambia kwamba sentensi yenyewe sijaielewa. Karani mzima, nishindwe na bati! Sasa wanataka kukufukuza wewe, na mimi nimekaa kimya mwezi mzima nikikusikia unanificha. Jumamosi nitasema mbele ya watu wote, wanifanye watakavyo."

 Machozi yanamlengalenga Koleta, lakini sauti yake ni ya hasira bado.

Anasema anataka kurudi kazini bani, hilo kwanza. Pili, anataka kila agizo la moto liandikwe kwa lugha ya mtu anayeuchochea, na chini yake liwepo jina la aliyeandika. Mzee Tobias amempelekea mkaguzi taarifa afike kwenye mkutano. Mpaka tunakwenda mitamboni, mkaguzi hajasema kama atafika.

"Tutasimama wawili, mimi na Ambrosi," anasema Koleta. "Na yeye aje asimame wa tatu. Atuambie moto ule ulitakiwa uzimwe na nani, wakati aliyejua maana ya bati pale kijijini alikuwa mmoja tu, naye alishapanda gari."