Mkoba wa Bastola Kiunoni mwa Shemeji

Siku tuliyoanua matanga ya mume wangu, mdogo wake alijitokeza uani akiwa amevaa mkoba wa bastola wa marehemu, na ndani yake ametia simu. Hakuna aliyempa. Baba mkubwa wa mume wangu, aliyekuwa akigawa nguo za marehemu, alikuwa bado anahangaika na makoti na mabuti wakati shemeji huyu alipoingia chumbani kwangu akauchukua pamoja na mkanda wake. Akapita mbele ya watu akiipapasa ile ngozi. Aliponifikia aliinama kana kwamba ananipa pole.

"Shemeji, bastola hufuata mkoba wake," alisema. "Na mwenye bastola ndiye mwenye mji."

Niliitikia "ndaga", ambayo kwetu ndiyo asante, kwa sababu wageni walikuwa wanatazama na mimi nimelelewa. Moyoni niliapa kwamba nitamvua ule mkoba mbele ya wazee walewale, na siku hiyo nitacheka. Wanawake wenzangu wa kanisani waliniambia kisasi ni cha Mungu. Niliwajibu kwamba hilo nalijua, mimi namsaidia kubeba tu.

Bastola yenyewe haikuwa nyumbani. Mwenye silaha akifa, silaha inakabidhiwa polisi, na anayeitaka anaiomba upya kwa jina lake. Ilikuwa imelala stoo ya kituo pale Tukuyu. Ilitengenezwa zamani katika nchi ya Ulaya ambayo siku hizi haipo hata kwenye ramani, fupi na nene, na sijawahi kuona nyingine kama hiyo mkoa mzima. Mimi na mume wangu tulikuwa wanunuzi wa maparachichi. Wazee wa Masukulu hawataki kusikia habari ya kulipwa kwa simu, wanataka noti mkononi, kwa hiyo tulizunguka mashambani na fedha, na watu wabaya walijua. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kuisikia bastola ile ikilia. Kazi yake ilikuwa kujulikana kwamba ipo.

Mkoba wake ulikuwa wa ngozi ya kahawia, ulikuja na bastola kutoka hukohuko. Kwa kukaa nayo muda mrefu, ngozi ilikuwa imeshika umbo lake, hata ukiutundika mtupu msumarini ungesema silaha imo. Hapa kwetu mvua haituachi na ngozi huota ukungu upesi, basi kila Jumamosi mume wangu aliupaka nta, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Ulinukia nta na ulimnukia yeye. Mashati yake yalikuwa yamefuliwa yote na wanawake wa msibani kwa wema wao, na ule mkoba ndio uliobaki na harufu yake. Basi nilitaka vitu vitatu: bastola ili nirudi Masukulu kununua, mkoba ili niwe na kitu cha kunusa, na shemeji aaibike. Siwezi kusema kipi nilikitaka zaidi.

Niliomba kibali. Shemeji naye akaomba. Kwenye kikao cha kata kilichojadili maombi yetu alisimama, mkoba kiunoni, akawauliza wajumbe, "Huyu mama ataifunga wapi hiyo bastola, kwenye kanga?" Watu wakacheka, wakiwamo wale niliokuwa nanunua maparachichi yao. Niliwaweka wote moyoni mmoja mmoja, na msimu uliofuata nilichambua matunda yao mpaka wakaniuliza kama macho yangu yamepata dawa mpya.

Maombi yalipofika kwa afande wa kituo, yeye hakuwa na upande. Alisema waombaji ni wawili na silaha ni moja, atatusikiliza siku moja, na kila mmoja aje na mashahidi. "Halafu sitamkabidhi mtu silaha akaitie kwenye pochi pamoja na chapati," aliongeza. "Mje na mkoba unaoishika." Shemeji akajipiga kiunoni, pa. Mimi sikuwa na kitu cha kupiga.

Nilikwenda Mbeya, nikazunguka maduka. Mikoba iliyokuwapo ilikuwa ya kitambaa kigumu cheusi, ya bastola zile za kawaida ambazo kila mlinzi mkubwa anazo. Nilipotaja yangu, wauzaji walinitazama kama nimeulizia vipuri vya meli. Mwisho nikapewa namba ya kijana wa Dar es Salaam anayeagiza vitu vya ngozi kutoka nje. Akanihakikishia. "Huu bastola zote zinaingia, mama."

Mkoba ukaja na basi. Nikaupeleka kituoni, afande akaitoa bastola stoo, akatoa risasi, akaitia. Ilicheza humo kama mguu wa mtoto kwenye buti la baba yake. Akaugeuza mkoba kidogo tu, bastola ikaanguka mezani. Habari hiyo ilifika Kiwira kwa shemeji kabla sijafika mimi nyumbani Ibighi, na niliambiwa aliicheka mpaka akashika mti.

Nilimpigia yule kijana nikamwambia maneno ambayo mwanamke wa kanisani hayaandiki. Yalimwamsha. Alitafuta kwa haki mpaka akapata karakana ya nje ambayo bado inashona mikoba ya silaha za zamani. Bei yake siisemi, mume wangu anaweza kufufuka kuja kunikemea. Karakana ikaleta maswali: urefu wa mtutu, maandishi ya ubavuni, upana wa mkanda. Niliyajibu yote. Kisha kijana akaniuliza la mwisho.

"Mvaaji anatumia mkono gani?"

"Mkono gani kivipi?"

"Mama, mkoba una upande. Wa kushoto hauvaliwi kulia. Ukiuvaa kinyume, mshikio wa bastola unatazama mbele, na kile kikanda cha kuizuia kinageukia mbavuni. Kidole gumba hakikifikii."

Nilikaa juu ya kreti la maparachichi. Mume wangu alikuwa mtu wa kushoto. Utotoni mama yake alimfunga ule mkono kwa kamba ya mgomba ili asiwaaibishe mbele za watu, akafaulu, maana mbele za watu mume wangu alikula kwa kulia, alisalimia kwa kulia, alitoa sadaka kwa kulia. Tukiwa wawili shambani panga lilihamia kushoto. Bastola pia aliivaa kushoto, chini ya koti, na mimi ndiye niliyemshikia koti kila asubuhi. Shemeji alizaliwa nyuma sana, akamkuta kaka yake amekwisha kunyooshwa. Na ule mkoba alikuwa akiuvaa kulia.

"Wa kulia," nilimwambia kijana. "Mvaaji ni mimi." Nikacheka peke yangu, mara ya kwanza tangu mazishi.

Sikumwambia mtu. Nilikutana na shemeji sokoni, akaupapasa mkoba wake, nikamwambia, "Umekupendeza, shemeji, usiuvue." Akafurahi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa najifunza kukaa kimya kwa raha.

Siku ya kusikilizwa, mvua ilikuwa inanyesha. Shemeji alikuja na wazee wawili wa ukoo, mimi nikamleta baba mkubwa, ingawa hakujua nimemwitia nini. Shemeji aliongea vizuri, hilo namkubalia. Alisema kaka yake alimwita kabla ya kufa, akamfunga ule mkoba kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba kwa muda mrefu walikuwa wakienda bondeni wote wawili akamfundisha kuitumia.

"Afande," nilisema, "naomba atuoneshe alivyofundishwa."

Afande alinitazama, akaikagua bastola kuhakikisha ni tupu, akaikagua tena, akampa. Shemeji akatoa simu, akauvua mkoba, akaitia bastola, akakifunga kile kikanda, akauvaa tena kulia. Mshikio ukatazama mbele, kama mdomo wa birika.

"Haya, ichomoe," afande alisema.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Alitafuta kifungo nje hakukiona, akaingiza mkono kati ya ngozi na mbavu, akajipinda kama mtu anayejikuna mgongo. Suruali ikapanda, bastola haikutoka.

"Kaka yako alikuwa anaivaa upande gani?"

"Huuhuu, afande. Kulia."

Nikamgeukia baba mkubwa. "Baba, mwanao alikuwa anatumia mkono gani?"

Nadhani mzee alielewa hapo nilichomwitia, na hakukipenda. "Wa kushoto," alisema. "Mama yake alimfunga kamba. Kamba niliisuka mimi."

Nikauweka mezani mkoba wangu mpya. Afande akaitia bastola, ikaingia na kutulia. Akaupindua mkoba, akautikisa, bastola ikabaki mle. Akavuta kalamu, akaandika jina langu.

Mimi nilikuwa sijamaliza. Nilimwomba shemeji auache ule mkoba palepale, mbele ya wazee. Akaufungua. "Na mkanda," nikasema. "Mkanda pia ni wa marehemu." Aliwatazama wazee, wazee wakatazama mvua. Akauvua, akatoka kituoni ameshika suruali kwa mikono miwili, na barabara ya kituo ina watu wengi siku ya soko. Nilicheka kama nilivyoapa. Nilicheka mpaka afande akaniambia, "Mama, inatosha."

Nyumbani hata sikula. Niliingia chumbani, nikautundika mkoba wa zamani kwenye msumari wake, nikarudi nyuma kuutazama. Nilitegemea kuiona bastola. Niliona simu. Ngozi ilikuwa imetanuka, pana, yenye pembe nne, simu kubwa ya shemeji kabisa. Nikaushusha nikaunusa. Ulinuka manukato ya dukani na jasho lisilo la mume wangu. Niliupaka nta Jumamosi hiyo na Jumamosi nyingine nyingi, taratibu, kama alivyokuwa akifanya. Unanukia nta, basi.

Sasa nakwenda Masukulu na bastola yangu ubavuni, katika mkoba mpya unaonukia duka, na wazee wananiamkia kwa adabu. Juzi shemeji ametuma watu, baba mkubwa akiwa mbele yao, kuniomba yaishe, kwa kuwa mkoba alikwisha kuurudisha. Niliwapikia, wakala, wakashiba. Kisha nikawapeleka chumbani nikawaonesha msumari. Nikawaambia nitamsamehe siku ile ngozi ikikumbuka.