Kasiksi Kabla Koo Halijaamka

Siku ninayoikumbuka zaidi, mwanangu, si ya ujana wangu. Wazee hupenda kusimulia ujinga wa ujanani, kana kwamba mvi zinautibu. Huu wangu niliufanya nikiwa na mvi tele, siku ya kumposea mjukuu wangu Kakule huko Mulekera, Beni.

Asubuhi ile pua yangu ilikuwa ikitoka damu, mimi na Kakule tukapitia kwenye kituo cha afya. Muuguzi, binti mwenye sauti ya upole, akaniuliza kama nina ugonjwa wa moyo, kama kuna dawa ninazokunywa, kama kuna dawa iliyowahi kunidhuru. Nikamtajia dawa zangu za presha. Hapo nilisema kweli. Akanipulizia dawa ya ganzi puani, akangoja, kisha akauziba mshipa uliokuwa ukivuja. Sikusikia maumivu.

"Papa, hii dawa imeshuka mpaka mu koo," akaniambia. "Usikule, usikunywe kitu, mpaka koo itasikia tena. Kama moyo unapiga mbio ao kichwa kinazunguka, rudia hapa mbio."

"Oui, oui, ma fille," nikaitikia ndiyo kwa Kifaransa, akili yangu ikiwa tayari Mulekera.

Kwa wakwe, maneno hayaanzi mpaka msemaji wa upande wa kijana anywe kasiksi. Pombe hiyo ya ndizi ndiyo karibu yako. Ukiikataa, umeikataa nyumba. Baba yake Masika, mchumba wa Kakule, akanipa kibuyu. Neno moja tu lingetosha. Lakini nikaona aibu: mzee mzima, msemaji wa ukoo, niseme koo langu limelala?

Nikanywa. Kasiksi ikapotea njia. Nikakohoa, pumzi ikagoma, Kakule akiniinamisha na kuniita babu yake, "Koko! Koko!" Pumzi ilipofunguka, kasiksi yote iliruka kwenye shati jeupe la baba yake Masika.

Nikajua nimemvunjia mjukuu wangu ndoa.

Bibi yake Masika akaniuliza kilichonipata, nikakiri yote. Akaninyang'anya kibuyu.

"Weye muzee! Kasiksi inaweza kukungoja. Pumuzi haingojake mutu!" Kisha akamgeukia mwanawe: "Na weye, panguza shati. Mukwe hakukukatala, amekubatiza!"

Nyumba nzima ikacheka, hata aliyelowa. Bibi akaamuru kwamba hakuna atakayekunywa kabla yangu. Basi watu wazima wakajadili mbuzi wa mahari kwa koo kavu, na sijawahi kuona mbuzi wakikubaliwa upesi namna ile. Ganzi ilipoisha, nikajaribu maji kidogo. Nikasikia ubaridi wake mpaka kooni. Nikainua mkono, vigelegele vikapigwa kana kwamba bibi harusi ametoka.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua, nami kidogo kiniumbue mbele ya wakwe. Ukienda kutibiwa pua, mwambie muuguzi kila ugonjwa ulio nao na kila dawa unayokunywa. Dawa ya ganzi ni ya mkono wake na kipimo chake. Usiombe chupa ukajipulizie nyumbani. Kisha ngoja koo liamke, hata chakula kikinukia, hata wakwe wakikukazia macho. Sema tu, "Koo yangu ingali inalala." Anayekutakia mema atavumilia kiu yake.

Mungu akupe pumzi ndefu, ulimi usioona aibu kusema kweli, na wakwe wanaojua kucheka.