Mimi Naanza, Yeye Anamalizia

Watoto wa darasa la kwanza hawasomi neno, wanalimalizia. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu ujana. Nasimama mbele ya ubao, nasema "kita…," na darasa zima linapiga kelele "bu!" Nasema "mwanafu…," wanajibu "nzi!" mpaka madirisha yanatikisika. Karibu watu wazima wote wa hapa Bukavu wamepitia huko, ndiyo maana hata kanisani padri akiachia neno katikati, wazee wenye mvi wanalidaka na kulimaliza bila kuombwa. Hatuwezi kuona neno limebaki wazi tukaliacha. Nilidhani ni njia tu ya kuwazuia watoto wasisinzie, na kwa miaka mingi sikuifikiria zaidi ya hapo.

Kisha mume wangu akaanguka.

Alikuwa fundi cherehani huko Kadutu, lakini watu walimjua zaidi kwa mdomo wake. Kila Jumamosi kulikuwa na familia iliyomchukua akaisemee kwenye dot, siku ile upande wa kijana unapoleta mahari na upande wa binti unapoipokea. Alipenda maneno marefu. "Hatukuja kuwanyang'anya, tumekuja kuunganishwa," alikuwa akisema, na wakwe waliokuwa wamenuna walianza kulegea. Kama kuna mtu katika mtaa wetu aliyekula kwa ulimi, basi ni yeye. Alirudi nyumbani jioni bado anasema, nami nikipika huku nikiitikia, na mara nyingine sikumbuki hata niliitikia nini.

Kiharusi kilimkuta kwenye mashine, mguu ukiwa bado kwenye kanyagio. Alipotoka hospitali mkono wake wa kulia ulikuwa umelala, na katika maneno yake yote lilibaki moja zima: "nanga," ambalo kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, ni "hapana." Unataka chai? Nanga. Unaumwa? Nanga. Ulale kidogo? Nanga, na papo hapo anafumba macho na kulala. Mwanzoni tulicheka. Baada ya muda tukaacha kucheka.

Daktari alituambia kwamba anaelewa kila kitu, ila njia ya kutokea ndiyo imeharibika. Akanishauri nimfundishe maneno mafupi, kama mtoto. Kesho yake nikakaa mbele yake na kikombe. "Maji," nikasema. "Sema maji." Aliniangalia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona usoni mwake, mtu aliyezoea kunyamazisha ukumbi mzima anaambiwa aseme maji. Hata mimi niliona aibu kwa niaba yake. Nikakiweka kikombe mezani, nikaenda kuchambua maharagwe.

Njia tuliipata bila kuitafuta. Nilikuwa nimerudi kutoka shuleni mchana, nimelowa, matope yamefika magotini, maana kilima chetu mvua ikinyesha si barabara tena. Naosha mboga za lengalenga, najisemea peke yangu, na mdomo wangu ulikuwa bado haujatoka darasani. "Leo mvua imenye…," nikasema, nikanyamaza kidogo kama nilivyozoea. Nyuma yangu sauti ikasema: "…sha."

Bakuli liliniponyoka. Niligeuka, nikamkuta naye ameshtuka, anagusa midomo yake kwa mkono ule mzima.

Kuanzia siku hiyo nikawa mwalimu wa nyumbani pia. Mimi naanza, yeye anamalizia. "Nimekule…" "…tea." "Umesha…" Hapo alikwama. Nikajifunza kidogo kidogo mahali pa kuachia. Neno fupi lilimshinda, kinyume cha alivyosema daktari, kwa sababu "ma…" haina pa kushika, inaweza kwenda popote. Neno refu lilimpa pa kushika. Nikisema "mwanafu…" alifika bila taabu. Nikiachia mapema, nikasema "mwana…" tu, alisimama kama mgeni kwenye njia panda. Siku moja nilitaka "mwanamuke," yeye akatoa "mwanajeshi," akajua papo hapo kwamba amekosea, akajipiga paja.

Nilimwonea huruma, lakini siku ile niliona kitu. Kichwani mwake neno lile halikuwa limelala zima. Lilikuwa vipande, kama nguo zake kabla ya kuzishona: mkono huku, kola kule, vyote vimekatwa na vyote ni vyake, ila hakupata pa kuanzia. Basi nikaamini hivyo kwa siku kadhaa. Halafu "nimekuletea" ikamtoka kwa kasi, nzima, bila mshono wowote, nami nikasema hapana, haya mengine yalishonwa zamani na yanatundikwa tayari. Nilianza kujichunguza mwenyewe njiani. Mimi mwenye kichwa kizima, nikisema "hawatatusaidia," je, nimelishona sasa hivi au nimelichukua likiwa tayari? Nilijaribu kujikamata nikilitengeneza. Haiwezekani, neno huwa limeshatoka, na wanawake wa sokoni wanakuangalia unavyosema peke yako.

Asubuhi moja alinipa jibu nusu. Nilikuwa nimeleta kahawa na mkate, nikaanza kwa Kiswahili cha vitabuni: "Kifungua…" Nilingoja "kinywa." Alikiangalia kikombe, akaniangalia mimi niliyekuwa na usingizi bado, akasema: "…macho." Kifungua macho! Hakuna aliyewahi kumfundisha neno hilo, mimi sijawahi kulisikia mahali. Alikuwa amelitengeneza mwenyewe pale pale, kwa ajili ya kahawa. Tulicheka mpaka kikombe kikamwagika. Nilijua kwamba fundi bado yumo ndani, anakata na kuunga, na furaha hiyo ilinibeba siku nyingi.

Lakini nilichoka. Nataka kulisema hili wazi, kwa sababu wanaokuja kutuona husema, "Maman, uko na courage," kisha wanashuka kilima na kwenda zao. Asubuhi nawaanzia watoto maneno, jioni namwanzia mtu mzima. Taya zilikuwa zinaniuma. Na kulikuwa na jambo lililonichosha zaidi ya taya: aliweza kusema yale tu niliyoyawaza mimi. Ili aseme anataka uji, lazima mimi kwanza niwaze uji. Kama kuna kitu moyoni mwake ambacho hakijanijia akilini, kilikaa humo humo. Majirani nao walisaidia kupita kiasi. Nikianza neno, wao walilimaliza kabla yake, kwa sauti kubwa, wakifurahi, na yeye aligeuza uso kuangalia ukuta.

Hapo ndipo binti yetu wa mwisho alipoposwa. Wengine wote walishaondoka. Huyu ndiye aliyebaki nasi, aliyemfunga baba yake vifungo vya shati na kumchambulia samaki miiba. Kijana wake ni mtu wa Mumosho, hapa karibu, lakini kazi yake iko Kolwezi, kwenye migodi. Kutoka hapa kwenda Kolwezi si safari ya kuzungumzia juu juu. Barabara hakuna, ndege ni ya wenye uwezo, na wengi waliokwenda huko tunawaona tena kwenye msiba. Tulimweleza baba yake. Alisikiliza, akatikisa kichwa polepole. Alifikiri nini, sijui. Sikuwa na neno la kumwanzia.

Kwetu, siku ya dot baba wa binti hasemi mengi, kuna msemaji wa kazi hiyo. Ila mwishoni binti anambebea baba yake kikombe cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na baba anasema neno lake mbele ya watu, kisha anakunywa. Kabla hajanywa hakuna anayegusa pombe, na dot haijapokelewa. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja mapema kupanga mambo.

"Grand frère anachoka," aliniambia. "Akae pale, tumuvalishe veste muzuri. Miye nitasema mu nafasi yake. Batu batasikia aibu tukianza kungojea neno."

Binti yangu alikuwa anapiga pasi. Hakuinua hata kichwa.

"Tonton, kama papa haseme, miye sitoke mu chumba."

"Hata asipoweza?"

"Aseme neno moya. Hata moya tu, lakini ikuwe yake."

Shemeji aliniangalia nimtetee. Nilikuwa nimechoka kutetea watu. Nikasema tutajaribu, na kuanzia siku hiyo tukafanya mazoezi ya neno moja. "Tunaku…" "…bali." Asubuhi, kabla sijaenda shule: "Tunaku…" "…bali." Jioni, viatu bado miguuni: "Tunaku…" "…bali." Alilitoa vizuri, bila kukwama, ila macho yake hayakuwa kwenye neno. Nilisema moyoni, mradi linatoka.

Siku yenyewe uwanja wetu ulijaa. Wa Mumosho walipanda kilima wakiimba, na kwa bahati mvua haikunyesha. Wasemaji walibishana, wakataniana, wakapatana. Mume wangu alifuatilia kila neno la msemaji wa upande wetu, midomo yake ikicheza kidogo, na nilipoona hivyo ilibidi niangalie pembeni. Kisha binti yetu akatoka amevaa kitenge chake kipya, akapiga magoti mbele ya baba yake na kikombe. Nikamwinamia mume wangu kama tulivyozoea.

"Tunaku…," nikasema.

Hakujibu. Nikadhani hakusikia. "Tunaku…," nikasema tena, juu zaidi. Nyuma yangu nilisikia koo za watu zikijiandaa kulimaliza, na shemeji akasogeza kiti chake. Mume wangu aliinua mkono ule mzima akanizuia. Alimtazama mtoto wake. Uso ulimkunjamana, jasho likamtoka kwenye paji, na kutoka ndani kabisa likaja: "Uta…"

Tangu augue hakuwahi kuanza neno. Hili hakupewa na mtu, si mimi, si daktari. Lakini kipande hicho kilikuwa kile kile ambacho mimi nilijua nisimwachie, kifupi mno, kinaweza kwenda popote, na watu wetu hawawezi kuona neno limebaki wazi.

"Utazaa!" akapiga kelele mama mmoja wa Mumosho.

"Nanga," akasema mume wangu.

"Utabarikiwa!" akadakia shemeji.

"Nanga."

"Utajenga! Utaheshimiwa! Utapata mapacha!" Uwanja mzima ukawa darasa langu, kila mtu ananyoosha kidole. Watu walikuwa wanacheka kwa wema, na yeye alikuwa anasema nanga, nanga, huku machozi yanaanza kumtoka. Nilitaka kuwafukuza wote na pombe yao.

Binti yangu peke yake hakukisia. Alibaki magotini, kikombe mikononi, akamngojea. Mimi mwalimu sijawahi kumngojea mtoto yeyote hivyo, darasani hakuna muda. Makelele yakapungua yenyewe. Mume wangu akalirudia, akasukuma kwa mabega yote mawili: "Utaru…"

Nikaona binti yangu ameelewa. Mimi pia nilielewa, na nadhani kila mwenye mtoto mbali pale uwanjani alielewa, kwa sababu hakuna aliyelimaliza. Kijana wake alikuwa amesimama pale, lakini binti hakumtazama. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi: "…diya." Na baada ya hapo, nzima: "Nitarudiya, papa."

Mume wangu alichukua kikombe kwa mkono wa kushoto, akanywa, nusu ikamwagika kwenye veste. Watu walipiga vigelegele. Jioni, vyombo vikioshwa, shemeji alinijia na uso wa wasiwasi. "Lakini hakusema anakubali," akaninong'oneza.

"Alikunywa," nikamjibu. "Kamata hii sufuria."

Waliondoka wiki iliyofuata. Simu inatoka Kolwezi mara kwa mara, mtandao ukikubali, na binti yangu anasema wako salama, joto ni kali, foufou, ule ugali wetu, huko ni ya mahindi tu. Hasemi lini atakuja. Mimi simuulizi, maana najua barabara, najua ndege, na nimeshaishi muda wa kutosha.

Mume wangu ameendelea kuanza neno hilo moja. Ni hilo tu. Mengine yote bado namwanzia mimi, uji, shati, mlango, redio. Lakini asubuhi, kahawa ikiwa mezani na mimi natafuta viatu vya shule, ananishika kitambaa cha nguo na kusema: "Ataru…" Kisha ananingojea, kama binti yake alivyomngojea. Nimewazoeza watoto wengi sana kumalizia maneno, na sijui neno lililo rahisi kuliko hili. Nakaa naye kidogo hata kama nimechelewa. Namalizia kwa sauti ya kutosha asikie, nikiwa sijui kama ni kweli, na yeye anaitikia kwa kichwa, ameridhika, anachukua kikombe.