Nilivyosisitiza Posa kwenye Nyumba ya Watu

Jamani, aibu ninayo, lakini kwa kuwa video imeshazunguka East Side yote hapa Buffalo, bora mkasa huu muusikie kutoka kinywani mwangu.

Mdogo wangu Amani alikuwa anaposa Columbus, na msemaji wa familia nikateuliwa mimi (mimi ambaye kiwandani sisemi neno kuanzia asubuhi hadi jioni), basi nikampigia baba mkubwa aliyeko Louisville, ambaye ameshaposea nusu ya ukoo, anifundishe kazi. Akaniambia, "Sikia mutoto wangu, usiseme 'nafikiri', usiseme 'labda'. Sema 'nasisitiza'. Watakuambia binti hayuko, donc weye sisitiza tu." Mnajua desturi yetu, wenyeji lazima wajifanye hawakujui, na msemaji akitikisika anaonekana hana haja na mke. Njia nzima kutoka Buffalo nikawa nalijaribu neno lile kwenye kioo cha gari.

Kufika Clintonville, mtaa wa akina binti huko Columbus, Amani alikuwa amebaki nyuma na gari lake kuweka mafuta. Mke wangu akasema tumngoje, yeye ndiye anayeijua nyumba. Nikakataa, kwani baba ya Furaha, binti tuliyemfuata, alishasema saa nane ni saa nane, na mbele yetu kulikuwa na turubai jeupe, moshi wa nyama na Waafrika waliopendeza, sasa unangoja nini tena? Nikaingia na suti yangu, wazee watatu nyuma yangu, nikaomba kimya, nikatangaza kwamba tumefuata ua letu, Furaha.

Mama mwenye nyumba, Mkenya mpole, akasema, "Pole sana, hapa hatuna Furaha. Hii ni graduation ya kijana wetu."

"Nasisitiza yuko."

"Mzee, honestly, mmepotea."

Moyoni nikafurahi (hawa wanajua kuigiza). Nikasisitiza dakika kumi nzima, nikavuta kiti cha mbele nikakaa, nikaapa hatuondoki bila binti wetu. Mwenye sherehe, kofia ya mahafali kichwani, akawa anatuchukua video.

Ndipo simu ikalia, ni Amani: "Kaka, muko wapi? Baba ya Furaha anasema akimaliza hii chai anafunga mulango."

Yule mama alipoisikia simu alicheka mpaka akashika meza, akatufungia nyama, akatuonyesha nyumba ya jirani yake. Tukakimbia. Baba ya Furaha alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Mumepotea," akasema. "Hapa hakuna Furaha."

Kwa aibu niliyokuwa nayo, nikasahau kusisitiza. Nikasema, "Bon, mutusamehe, baba," nikawageuza wazee wote turudi kwenye gari. Kumbe mzee alishatusamehe, na mchezo wenyewe ndio ulikuwa unaanza.

Furaha akatoka chumbani mbio, amejipamba, hakuitwa na mtu. "Shemeji, niko. Musiende."

Hata baba yake alicheka, na posa ikapita siku hiyo hiyo. Kusisitiza ni kusema bila kuonyesha shaka, baba mkubwa alinifundisha vizuri, ila neno lenyewe halikuulizi kama uko kwenye nyumba sahihi. Na sasa nasisitiza jambo moja tu: sishuki tena garini kabla ya bwana harusi.