Jaketi la mume wangu lililala nje ya dirisha

Admin, jina langu libaki kwako, maana mji wetu ni mdogo na watu wangu wote wanafuata ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Arua, nauza vitenge sokoni, na nina watoto wawili. Mume wangu ni mtu wa Koboko, mji wa jirani. Tulifunga nikaha mbele ya wazee, baadaye akaenda Ujerumani kutafuta maisha, na sasa ni mwaka wa sita. Msishangae nikisimulia kama mtu anayeeleza habari za jirani. Tangu niliporudi kutoka kumwona nipo hivi tu, nakula, nauza, nalala.

Mwaka huu alinipigia simu akasema nimfuate, tukae wikendi moja Paris, sisi wawili tu, kwa sababu baada ya harusi hatukuwahi kutembea popote. Nilimuuliza mbona nisiende kwake moja kwa moja. Akasema anakaa na wanaume wenzake kwenye chumba kimoja, hakuna nafasi ya mwanamke. Niliona ni sawa. Nani anakataa Paris?

Kwetu sisi Wanubi, mke anayemngoja mumewe hujifukiza. Unawasha kuni za harufu kwenye shimo dogo, unakaa juu yake umejifunika blanketi, moshi unakuingia hadi jasho litoke. Harufu ile haitoki upesi. Mtaa mzima ukiisikia, unajua mume wa huyu anakuja. Mwanamke ambaye mume wake yuko mbali hajifukizi, kwa sababu wataanza kuuliza anajifukiza kwa nani. Kwa hiyo mimi nilikuwa na miaka sijakaa kwenye moshi. Kabla ya safari nilikaa kila jioni kwa wiki nzima, jirani wakanitania mpaka nikaona aibu, na nilifurahi, siwezi kuwadanganya.

Uwanja wa ndege alinikumbatia, kisha akaniachia haraka. Akanusa mkono wa jaketi lake.

“Mama watoto, wewe ilifanya moshi?”

“Ilifanya. Si kwa wewe?”

Alitabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikuwa la kulazimisha. Njiani kwenye treni alikaa kiti cha mbele yangu, si pembeni yangu. Tulipofika hotelini, kabla hata ya kuniuliza habari za watoto, alifungua dirisha, na baridi ilikuwa kali. Akaniambia, “Enda oga. Tumia sabuni mingi.” Nilioga. Maji ya moto yaliiamsha ile harufu, chumba kizima kikanuka kama nyumba ya bibi harusi. Nilipotoka bafuni nikaona ametundika jaketi lake nje ya dirisha, linapepea juu ya barabara ya watu.

Nilikaa kitandani nikaliangalia lile jaketi. Wanaume wanaoishi pamoja hawanusiani majaketi.

Nikamuuliza, “Kwa nyumba yako iko nani?”

“Iko mutu.”

“Mwanamke?”

“Mimi ilikuwa nataka kukuambia pole pole.”

Dini yetu inamruhusu kuoa mwingine, na angeniambia ningegomba, ningenuna, mwisho ningezoea kama wengine walivyozoea. Nikamuuliza kama huyo mwanamke ananijua. Akasema hapana, anajua tu kwamba nyumbani ameacha mama na dada. Nilimwambia sawa. Kwa kweli nilisema sawa, kama mtu aliyeambiwa bei ya nyanya. Mimi mke wa nikaha ndiye wa kufichwa, na yule ndiye wa kuogopwa. Usiku huo alilala kwenye kochi, na hakunigusa mpaka nilipoondoka.

Siku ya pili tulitembea. Tuliuona ule mnara, tukapanda mashua mtoni, tukala mkate. Aliomba wapita njia watupige picha nyingi, akazituma kwa familia, katika zote nimesimama hatua moja mbali naye, na jaketi amelishika mkononi. Wakati wa kuagana aliniomba, “Mama asijue. Moyo yake iko mbaya.” Ni kweli, mama mkwe ana ugonjwa wa moyo, na ni yeye aliyenilelea watoto nilipokuwa mgonjwa. Nampenda kama mama aliyenizaa.

Sasa mume wangu amesema Idd atakuja nyumbani. Juzi mama mkwe alitoka Koboko na mzigo wa kuni za harufu ameufunga kwa kitambaa chake mwenyewe. Amezitafuta hadi Abuku, na miguu yake inamuuma. Aliuweka mlangoni kwangu akasema, “Binti yangu, hii iko kavu kabisa. Mtoto yangu anarudi, nyumba lazima inuke. Anza Alhamisi.” Nikamwambia ahsante, mama. Akanishika mashavu akacheka. Picha za Paris ameziweka kwenye simu, anawaonyesha watu wote.

Kesho ni Alhamisi. Kuni ziko pale pale, kila nikitoka nazipita. Nikiziwasha, nitakaa kwenye moshi kwa ajili ya mwanaume atakayeanika nguo zake kabla ya kurudi kwa mwenzake. Nisipoziwasha, jirani watanusa hewa tupu, habari itafika Koboko kabla ya jioni, na yule mama mwenye moyo mbovu atakuja kuniuliza, naye sijawahi kumwambia uongo.

Mpaka leo sijalia, na hilo linanitisha kuliko mengine yote. Ninyi mnaosoma, hasa akina mama, niambieni kabla ya kesho jioni. Niwashe, au niziache mlangoni?