Kijino cha Kaseti

Juzi mjukuu wangu alikaa ukumbini kwangu anaisonya kompyuta yake. Kuna faili anataka kulifuta na halifutiki. Anabonyeza, inakataa. Anaizima, anaiwasha, inakataa. Nikamwambia atazame kwanza nini kinalishikilia. Akacheka. "Bibi, wewe na kompyuta wapi na wapi?"

Kweli. Mimi skuli niliionja tu, kusoma kwangu ni kwa chuoni, kwa Kurani, na hata huko nilikuwa mtoro. Lakini kitu kilichokataa kufutika nshakiona, miaka ile ya mwanzo ya sabini, mchele wa foleni, na aliyekiweza alikuwa somo. Somo ni mwanamke mtu mzima anayemfunda biharusi mambo ya unyumba. Anayoyasema humo ndani mwanamume hayasikii, hata awe nani.

Mume wangu alikuwa baharia wa meli za mizigo. Safari moja nilimwagiza viatu, akarudi na tepu ya kaseti. Viatu sikuviona mpaka leo. Kabla ya kuondoka tena alinionyesha namna ya kutia sauti, akanionyesha na vijino viwili mgongoni mwa kaseti. Akasema ukishatia kitu unachokipenda, vunja vijino hivi, hakifutiki tena. Maneno hayo nikampa dada yangu kama nilivyopewa.

Dada alikuwa anamwoza binti yake kwa watu wa Kiembe Samaki. Bibi yake bwana harusi alikuwa mgonjwa wa kitandani, hawezi kuja harusini, na yeye na mama yetu walisoma kasida pamoja tangu usichana wao. Tukaahidi kumpelekea sauti ya mwenzake.

Mama akasoma siku ya kumsugua biharusi singo ya manukato, baada ya alasiri. Kifua kilikuwa kinambana miaka mingi, lakini siku ile ungedhani amekiazima kwa mtu mwengine. Wanawake wote kimya, hata wale ambao kimya hawakijui. Alipomaliza, sauti ikamkauka kabisa. Kesho yake alikuwa anaomba maji kwa mkono.

Sasa sikiliza tulilolifanya. Sisi kitu kikishatumika tunakifunika. Sinia tunafunika, cherehani tunafunika, na ile tepu tukaifunikia kanga isiingie vumbi. Kuizima hakuna aliyekumbuka. Na chumba kikawa kile kile: biharusi akakalishwa mkekani, somo akaanza kazi yake. Ikaja kusikika "tak" chini ya kanga, utepe umekwisha. Dada akaitoa kaseti mbio mbio, akavunja vijino vyote viwili kwa kibanio cha nywele, kasida ya mama isije ikapotea.

Asubuhi ya siku ya ndoa tukaipiga ili tujifurahishe kabla haijachukuliwa. Kasida ikaisha, vikombe vikalia, halafu ikaja sauti ya somo, safi, kila neno mahali pake. Tulicheka kwanza. Kisha dada akashika mdomo.

"Zima," alisema. "Zima, mdogo wangu. Kaka yake bwana harusi yuko njiani anakuja kuichukua, na baba mtu ndiye atakayeipiga."

Kila mmoja wetu alifahamu. Wanaume wa kule wakiyasikia yale, biharusi anaingia ukweni na aibu kabla hajafungua sanduku lake, na somo hapati tena mlango wa kupigia hodi, si mitaa ya Ng'ambo wala mjini. Kusema kaseti imepotea hatuwezi, bibi wa watu anangoja. Na mama sauti ya kusoma tena hana.

Dada akataka kufutia juu yake. Akabonyeza kidude chekundu cha kutia sauti, hakishuki. Kwa kiwewe hakuna kati yetu aliyevikumbuka vile vijino. Akakibonyeza kwa dole gumba, kisha kwa uzito wake wote.

"Utaivunja," nikamwambia.

"Na ivunjike."

"Ya mume wangu hiyo."

"Mume wako ndiye aliyetuletea balaa. Angeleta viatu tungekuwa salama."

Nikasema tumpelekee fundi redio wa Darajani. Dada akanitazama. "Fundi atatengeneza bila kujaribu? Atajaribu kwa kusikiliza."

Hapo ndipo namsifu yule somo. Aibu ilikuwa yake kuliko yetu sote, lakini hakumlaumu mtu. Alikuwa amekaa kitako, ubani mdomoni kama kawaida yake, anatafuna polepole. Akasema, "Hebu leteni hapa. Nshafunda mabiharusi wakaidi kuliko kidude hiki. Biharusi akikataa kula humshindilii tonge. Unatafuta nini kimemzuia."

Akaomba kaseti nyengine, ile mpya tuliyobakisha. Akaitia, akabonyeza, kidude kikashuka bila maneno. "Basi mashine haina ukaidi," akasema. "Mkaidi ni huyu mwenzake." Macho yake hayakuwa mazuri, kwa hivyo akazishika kaseti mbili, moja kila mkono, akazipapasa kwa vidole vyenye hina. Kwenye mgongo wa ile ya kasida kidole kikasimama.

"Hapa pana mashimo mawili. Kwenye mpya pamejaa. Nani kang'oa?"

Dada akainamisha kichwa. "Mimi, Somo."

"Umefanya vizuri. Umemlinda mama yako." Akatoa ubani mdomoni, akamega, akauviringisha, akaushindilia kwenye vishimo vyote viwili. Akaupaka poda usinate. Akairudisha kaseti, akabonyeza. Kikashuka.

Akatuonya tusikiguse kwanza, tusije tukafuta kasida. Tukairudisha nyuma, tukasikiliza kasida mpaka mwisho, yeye kainamisha sikio, na mama alipomaliza kuitikia "amin" somo akainua kidole, nami nikaisimamisha. Lakini tutie nini? Dada akasema tukae kimya. Somo akakataa: wataona kuna kitu kimefutwa. Akaibeba tepu mwenyewe mpaka uani, akaiweka karibu na anayekuna nazi, akabonyeza kile chekundu. Ikaanza kula sauti ya mbuzi wa nazi, na mchele unapepetwa, ule mchache tulioupata kwa foleni, na mama anakohoa. Ilikuwa bado inakwenda pale mlangoni palipoitwa, "Hodi wenyewe."

"Karibu, mwanangu," dada akamjibu kaka yake bwana harusi. "Subiri kidogo, tunakufungia mzigo wako."

Utepe ulipofika mwisho, somo akaomba kibanio cha nywele. Akaufukua ubani wote, vishimo vikabaki wazi kama alivyoviacha dada. Hapo ndipo akaitoa kaseti ipelekwe.

Baada ya fungate biharusi akatupa habari. Bibi wa Kiembe Samaki aliisikiliza kasida huku machozi yanamtoka, ukumbi mzima wa wanaume umekaa. Kisha nazi ikaanza kukunwa, akawazuia wasizime. Alisema yeye hajaingia kwenye ua wa harusi tangu miguu imkatae, na sasa ndiyo kaingia. Ilipofika "Hodi wenyewe" wakamcheka kaka mtu mpaka akatoka nje.

Nilimpelekea somo habari hizo. Alikuwa anapasua ubani mpya. "Nazi ile," akasema, "ilikunwa vizuri?"

Mjukuu wangu ananiuliza somo alisema nini kwenye kaseti. Hilo simwambii. Lilifutwa.