Jembe Alileta, Chakula Akakataa

Huku kwenye milima ya Kathiani, udongo unaobebwa na mvua hauzuiliki na mtu mmoja. Tunachimba mitaro kwa zamu, shamba hadi shamba, katika kikundi tunachokiita mwethya. Mwenye shamba hupika, wachimbaji hula. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia mtu akimuuliza mwenzake anasali wapi.

Jirani yangu, nesi mstaafu, ndiye aliyenizalisha mtoto wangu wa mwisho kwenye sakafu ya jikoni, mvua ikiwa imekata barabara. Alipogombea kiti cha wadi nilimwambia, "Dada, kura yangu unayo." Na nilimaanisha.

Kisha akajitokeza mwanamume wa kanisa letu Katoliki. Wa kanisa letu! Hata Pasaka hatukuwahi kumwona. Kampeni zilipoanza, akawa wa kwanza kupiga magoti, akatuletea na viti vya plastiki. Padre hakusema neno, tulidanganyana wenyewe. Kwenye sala ya jumuiya, rozari ikiwa bado mkononi, mwenyekiti wetu alisema, "Huyo nesi ni wa Protestanti. Akiingia, ni kanisa yao itajengewa. Sisi tuko na mtu wetu." Wote tukaitikia. Nami nikaitikia, mjinga mimi.

Siku ya kura, nyuma ya kizuizi cha kadibodi cha kupigia kura, nilitazama picha ya mwanamke aliyeosha damu yangu. Nikaweka alama kwa yule wa viti.

Akashinda. Jumapili iliyofuata hakuja misa, wala hajaja tena mpaka leo.

Zamu yangu ya mwethya ilifika wiki chache baadaye. Wengi wa kanisa la nesi hawakuonekana, na siwalaumu. Yeye alikuja. Alishika sehemu ngumu kuliko zote, yenye mawe, akachimba mpaka mwisho. Nilikuwa nimepika muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, nikatia na nyama, kitu nisichowafanyia hata wageni wa Krismasi. Nilipoanza kupakua, alikuwa anafuta jembe lake kwa nyasi.

"Dada, kula kwanza," nikamwambia.

"Leo niko na mfungo."

"Mfungo gani Jumanne?"

"Si wa kanisa," akasema. "Ni wangu tu."

Akaweka jembe begani, akateremka kwake. Nilibaki na sahani yake mkononi, nimejawa na hasira, nayo haikuwa na pa kwenda ila kwangu mwenyewe. Nilikuwa nimejitayarisha aniulize nilimpigia nani kura, ili nimdanganye. Hakuniuliza.